Bukta imevuka yenyewe, mke umemnunia wa nini?

*Shangazi, nina mke, tunaishi Chumbageni. Idi pili tulikwenda kuogelea Raskazone na shemeji zangu. Nilipiga mbizi, bukta ikavuka yote. Mke wangu alicheka mbele ya wadogo zake, akamnyang'anya mmoja simu, kisha akaingia majini na baibui lake kuniletea khanga nijifunge. Nimedhalilika. Tangu siku hiyo sisemi naye na chakula chake sili. Nimpe adhabu gani ajifunze heshima?*
*Mume aliyedhalilishwa, Tanga*

Pole, baba. Pole yangu inaishia hapo.

Hiyo simu umeipitia haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Mkeo aliinyang'anya kwa nini? Binti alikuwa keshaanza kurekodi! Bila huyo unayetaka kumwadhibu, leo makalio yako yangekuwa kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Ngamiani mpaka Muheza.

Kucheka, amecheka. Hata mimi nimecheka, Mungu anisamehe.

Sasa kamba ya bukta ilikuwa wapi? Hukuitaja, nami nasema haikuwepo. Ilichomoka ikifuliwa, mkeo akasema "lete niipitishe", ukajibu mpira wa kiuno unatosha. Mpira uliokwisha kulegea haushiki kitu. Ukiruka kichwa mbele, maji yanapenya kiunoni na kuisukuma bukta miguuni, mifuko nayo ikijaa maji inamalizia kazi. Na mbizi yenyewe ulikuwa ukiwaonesha mashemeji, usinidanganye.

Chukua pini, ibane kwenye ncha ya kamba, ipitishe kwenye upindo mpaka itokee upande wa pili. Funga fundo mara mbili, ncha uziingize ndani. Ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ianike kivulini, pasi usiiguze. Ikivuka tena usikimbilie nchi kavu: chutama maji yakufike shingoni, ipapase kwa miguu, ivae humo humo. Ukiikosa, mwite mkeo. Mkeo, si rafiki zako.

Na nyie mabinti msicheke sana: kitambaa cheupe chepesi kikilowa hakifichi kitu, na kamba ya shingoni ya fundo moja haihimili wimbi.

Ndoa za siku hizi kununa kumekuwa ndiyo mazungumzo. Mtu ananuna wiki nzima, ukimuuliza kisa, kisa chenyewe kicheko! Na wanaume mnapenda kudai heshima hata pale mlipojivua wenyewe. Tumefundishwa kuwa mke ni vazi la mumewe na mume ni vazi la mkewe. Lile vazi lako jingine lilipokukimbia pale Raskazone, hili ndilo lililobaki, tena likakufuata majini.

Adhabu hakuna. Leo jioni kaa ule chakula chake, na wewe ndiye uanze kusema. Akicheka tena, mwache amalize.