Pointi sawa, ila za kufanya nini?

Wiki hii mmeuliza kama gemu za pointi na beji kwenye makumbusho zinamsaidia mgeni au zinampotezea muda tu. Mi nasema zinasaidia, tena sana, ila inategemea hizo pointi unampa mtu kwa kufanya nini.

Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 9 kwenye makumbusho moja wana apu yao, unaskani msimbo kwa simu kwenye kila kabati la kioo, simu inalia, unapata pointi 10. Jamani yule mtoto alikimbia! Vyumba vitatu vyote kavimaliza chapchap, nikamuuliza haya umeona nini humo akabaki ananitazama tu, maana muda wote alikuwa anasaka vile vibandiko vya msimbo pembeni ya kioo, vitu vyenyewe wala hakuvitupia jicho. Iliniuma kweli. Nikachukua simu nikaizima, tukarudi kwenye chungu kimoja, nikamwambia nitafutie mahali kilipowahi kuvunjika kikaungwa. Akabandika pua kwenye kioo mpaka kikaweka ukungu, akazunguka, akachuchumaa, akauona mstari mwembamba chini ya mdomo wa chungu, basi hapo maswali hayakwisha, nani alikivunja, kwa nini hawakukitupa, waliungia nini. Na ile nayo ni gemu, pointi haina hata moja.

Tate Modern, jumba la sanaa la London, mwaka 2010 walikuwa na gemu ya simu, Tate Trumps, unakusanya kazi za sanaa kama karata, na njia mojawapo ya kuicheza ni kujiuliza hii ikipigana na ile ipi itashinda. Swali la kitoto, lakini hulijibu bila kuitazama kazi yenyewe, ukubwa wake, inatisha ama la. Hiyo ndo gemu ninayoitaka mimi.

Halafu zawadi zina hatari yake. Mwaka 1973 kule Marekani watafiti Lepper, Greene na Nisbett waliwaahidi cheti watoto wadogo wanaopenda kuchora, baadaye cheti kilipoondoka wale watoto wakachora kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Sasa mtoto ukimzoesha beji, siku beji hamna atakuja kufanya nini?

Kwa hiyo wanaotengeneza hizi apu nawaomba, swali liwe lile ambalo jibu lake liko kwenye kitu chenyewe tu, halijaandikwa popote, na mtu akishasoma swali skrini izime mpaka awe tayari kujibu.