Mtoni si Diani: kuhusu kamba ya mguuni

SWALI: Habari mwalimu. Sisi ni marafiki wanane wa Nairobi. Tunapanga kushuka Mto Tana kwa siku tatu, tukiwa tumesimama kwenye mbao za kasia, kuanzia Sagana kuelekea bwawa la Masinga, na usiku tutalala kwenye mahema. Sote tumeshapanda mbao hizi Diani, na jaketi okozi tunazo. Aliyetuuzia mbao ametusisitizia kila mtu akaze kamba ya mguuni, ile inayomfunga mtu kwenye ubao wake, na tukifika kwenye maji ya kasi tuunganishe mbao zote kwa kamba moja ndefu ili asipotee mtu. Je, kuna cha kuongeza? Na dawa ya kichocho tuimeze kabla ya safari au baada? — Msomaji, Ruaka

JIBU: Dada yangu, kabla ya kuongeza kuna cha kupunguza: kamba zote mbili.

Swali hili hunifikia kila msimu, na karibu kila mara anayeuliza alijifunzia pwani. Diani kamba ya mguuni ina kazi yake. Ukianguka, upepo hukunyang'anya ubao, na hakuna muogeleaji wa kuukimbilia. Huko pia hakuna cha kuinasa kamba. Mtoni maji yanakwenda, lakini mawe, mizizi na miti iliyoanguka imekaa pale pale. Ubao ukipita kushoto kwa jiwe nawe ukapita kulia, kamba inakamatwa katikati. Umeshikwa mguu, kichwa kimeelekea mto unakoshuka, na maji yote yanapita juu ya mgongo wako. Jaketi okozi hapo halisaidii, kwa sababu linakuinua kwa kilo chache tu na mkondo unakukandamiza kwa nguvu nyingi zaidi.

Huwa naambiwa, "Nitajikunja niifungue." Haya, jaribu nyumbani. Funga mwisho wa kamba kwenye mti, mguu wako ukiwa upande wa pili. Lala kifudifudi, wenzako wawili wakushike jaketi mabegani wakuvute mbali na mti bila huruma, kisha ufikie kifundo cha mguu. Na hapo unapumua, unaona, na nyasi hazikuingii puani. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake juu ya mwili wako inaongezeka mara nne, kwa hiyo hao wenzako wawili ni mzaha.

Mtoni kamba ya ubao tunaifunga kwenye mkanda wa kiunoni wenye kifungo cha kuchomoa, si mguuni: unavuta kijibonge kimoja tu, mkanda mzima unafunguka hata kamba ikiwa imekaza kama waya. Kuununua ni nusu ya kazi. Kila mmoja wenu aufungue kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, macho yamefumbwa, mwenzake akivuta kamba, mpaka mkono uende wenyewe. Kwenye maporomoko yenyewe mimi huivua kabisa. Wapo wenzangu wa kazi wanaobishana nami kwa hilo, na wana hoja zao, lakini mimi ni heri nitafute ubao kilomita mbili huko chini kuliko kumtafuta mtu.

Kuhusu kuunganisha mbao nane kwa kamba moja: huo ni wavu, nanyi ndio samaki. Ubao wa kwanza ukikwama kwenye mti, saba wanaofuata wanaletwa palepale. Mti ulioangukia mtoni ni kama chujio la chai. Maji yanapita, majani yanabaki. Kundi halipotei likiwa na mtu anayeujua mto mbele, mwingine mwenye kamba ya kurusha, kisu na filimbi nyuma, na nafasi ya kutosha kati ya ubao na ubao. Ukianguka, lala chali, miguu mbele na juu. Usijaribu kusimama maji yakiwa yamepita goti, maana mguu ukiingia kati ya mawe mawili mkondo unakulaza hapo hapo. Ila ukiona unapelekwa kwenye mti, geuka, ogelea kichwa mbele na uupande kwa nguvu zako zote.

Huyo muuzaji wenu simlaumu sana, kazi yake ni kuuza. Wanaonitia hasira ni waongozaji wa wikendi: amenunua mbao sita za kupuliza, ametazama video, tayari ana bango la "hata asiyejua kuogelea karibu". Tarehe 30 Oktoba 2021, katika mji wa Haverfordwest huko Wales, kundi lililokuwa kwenye safari ya kulipia lilishuka mto uliofura kwa mvua, likapitiliza kwenye kizuizi cha saruji kinachokatiza mto. Watu wanne walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa washiriki hawakuelezwa ipasavyo kuhusu hicho kizuizi. Mwenye kampuni alifungwa mwaka 2025, miaka 10 na miezi 6. Mwongozaji wenu muulizeni kabla ya kutoa hela: vizuizi viko wapi, ubao tunautoa majini wapi, na mto ukipanda usiku tunatokea wapi? Akijibu "msijali", kaeni nyumbani.

Kupanda usiku si kitisho cha hadithi. Tana inakusanya maji ya Aberdare na Mlima Kenya, kwa hiyo inaweza kunyesha huko juu nanyi mmelala chini ya nyota. Mahema yawe juu ya alama ya mafuriko, na kijiti kichomekwe ukingoni jioni. Asubuhi kikiwa kimemezwa, au maji yamegeuka matope na kubeba matawi, siku hiyo hamwendi, hata kama mmeomba ruhusa ya kazi. Machi hadi Mei msijaribu kabisa.

Kichocho: dawa yake, prazikwanteli, inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiigusi. Kumeza kabla ya safari hakuwakingi, na kumeza siku ya kurudi ni mapema mno. Nendeni kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye, mwelezeni daktari mlikuwa mto gani.

Masinga kuna viboko na mamba. Mkiingia kwenye bwawa, shukeni mapema mahali ambapo wavuvi wa huko watawaonyesha, msikate katikati jioni. Hapo maji yametulia na upepo unavuma, kwa hiyo mkanda wa kiunoni uvaliwe tena. Zile kamba za mguuni msizitupe. Mkienda Kilifi Desemba mtazihitaji.