Rangi ya tangi inayolainika kwa petroli

SWALI: Nimepaka tangi la pikipiki kwa rangi ya kopo. Petroli ikimwagika tu, rangi hulainika na kukunjamana. Nifanyeje? (Msomaji, Wete)

JIBU: Tatizo ni vanishi ya juu. Ile ya kawaida hukauka kwa kupotea tina (kiyeyusho cha rangi) tu, hivyo petroli huiyeyusha tena. Bandua yote. Osha chumvi ya bahari kwa maji matamu, piga msasa wa maji namba 400, pangusa kwa tina. Puliza praima (rangi ya msingi), ikikauka piga msasa namba 600. Rangi mikono mitatu myembamba, umbali wa sentimita 20, ukipumzisha dakika 10 hadi 15. Juu yake vanishi ya kuchanganywa na hadina (kigumishi), mikono miwili. Hiyo ndiyo inayostahimili petroli, lakini hudhuru mapafu: kitambaa puani hakitoshi, vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali. Wakati wa masika subiri siku kavu. Unyevu huacha weupe.