Kabla hujamwaga dawa kwenye majani, kaazime kuku

Wiki iliyopita dada mmoja wa Chake Chake ameniletea picha ya uwanja wake. Majani yameingia manjano kwa mabaka, na pembeni ameshika ukoka kwa mkono mmoja, kaunyanyua mzima mzima kama mkeka. Chini ameandika: "Dawa nimeshapata, nimwage sasa hivi au nisubiri jioni?"

Nilimpigia simu papo hapo kabla hajafungua kizibo. Uwanja ule naujua. Mwaka 2023 ulikuwa wangu.

Sisi tunakaa Fuoni, huku Unguja. Mbele ya nyumba tuna kiwanja cha hatua kumi na mbili kwa tisa, na ukoka wake niliupanda mwenyewe, kipande kwa kipande, huku mume wangu yuko barazani ananiuliza hayo majani atakula nani. Mawifi nao wakadakia: ungepanda mchicha. Nyinyi wenzangu wa majani maneno haya mnayajua. Yakistawi kila mtu atakuja kupigia picha, yakikauka utaambiwa ulikuwa na kiherehere. Kwa hiyo yalipoanza kukauka sikumwambia mtu. Nikamwagilia, yakazidi. Nikatia samadi, yakazidi.

Halafu wakaja kunguru. Nikiamka alfajiri nakuta vipande vimeng'olewa na kupinduliwa, udongo nje. Nikaapa kuwa adui ni hao, nikawa namlipa mtoto wa jirani awafukuze akitoka skuli.

Fundi mmoja wa bustani ndiye aliyeniuzia dawa, ndani ya chupa ya maji ya kunywa, haina karatasi wala jina, ukiichanganya inageuka nyeupe kama tui. "Hii bibie, hakisalii kitu." Na kweli hakikusalia. Kesho yake vyura wamelala chali mferejini, na kuku watatu wa bibi jirani wamekufa chini ya mwembe wake. Kunguru wazima, wako juu ya nguzo ya umeme wananitazama. Majani yakaendelea kufa vile vile, maana dawa yenyewe ilibaki juu juu. Kuku niliwalipa. Bibi alizipokea pesa bila ya kuniangalia usoni, na mwaka mzima salamu yangu alikuwa akiuitikia ukuta. Hilo lilinichoma kuliko majani.

Nilikuja kumjua adui siku niliyochukua beleshi nikakata kipande cha futi moja kwa futi moja nikakipindua. Mabuu kumi na wanne. Weupe, wamejikunja kama herufi C, vichwa vya kahawia, miguu sita mbele, na nyuma weusi kwa udongo waliojaza tumboni. Hawa ni watoto wa yale madudu ya kahawia yanayojigonga kwenye taa ya baraza usiku wa mvua. Jike hutaga ardhini, mabuu wakitoka wanakula mizizi, ndiyo maana ukoka unanyanyuka: hauna kilichoushika. Kunguru waliyajua hayo tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nalipa mtoto afukuze vibarua waliokuwa wakinifanyia kazi bure.

Basi ushauri wangu ni chimba kwanza. Chimba. Ukikuta mabuu wawili watatu, rudishia udongo, mwagilia, majani yenye afya yanawavumilia. Ukikuta kumi, una kazi. Usipokuta kitu, chukua vijiko viwili vya sabuni ya vyombo kwenye lita nne za maji, mwaga mahali pamoja, usubiri dakika kumi. Kama ni viwavi watapanda juu wenyewe. Viwavi wana bakteria wao, Bacillus thuringiensis, wakimla anawaharibu utumbo. Ila dawa hiyo ya viwavi ukiwapelekea mabuu wa mizizi umetupa pesa. Ndiyo maana nasema chimba.

Mwaka 2024 nikasoma habari za nematodi, minyoo wasioonekana kwa macho wanaomwingia buu ndani ya udongo wakamwachia bakteria wa kumuua. Wifi yangu akaniletea pakiti kutoka Uingereza. Kuingiza viumbe hai kunataka kibali, nalo nilikuja kulijua baadaye, kwa hiyo msinifuate hapo. Na Mungu alinilipa hapa hapa. Minyoo hao wanataka friji njiani na nyumbani, wanataka udongo uliolowa, wanataka jioni, jua likiwapiga wamekwisha. Wangu walisafiri ndani ya sanduku la nguo, wakapanda boti, wakakaa kabatini miezi mitatu wakisubiri masika. Nikawamwaga saa sita mchana. Nilimwagilia maiti.

Na kumbe dawa nilikuwa nayo nyumbani. Kwenye rundo la samadi nilikuta buu la chonga, yule mdudu anayetoboa minazi, buu lenyewe nene kama kidole gumba, limekakamaa na limefunikwa unga wa kijani. Ni kuvu, Metarhizium, inamwota mdudu mpaka anakufa. Ipo ardhini siku zote, inafanya kazi polepole, na sumu za ovyo zinaweza kuiua.

Sisi watu wa Unguja ndio tungekuwa wa mwisho kuamini chupa isiyo na jina. Mbung'o wa kisiwa hiki walipunguzwa kwa dawa, lakini waliomaliza kazi ni madume tasa waliofugwa Tanga na kumwagwa kwa ndege; mbung'o wa mwisho alinaswa mwaka 1996. Na tunajua upande wa pili pia. Hawa hawa kunguru waliletwa karne ya 19 wasafishe taka za mji, leo wanakula makinda ya kila ndege. Kiumbe hai si wa kuletwa kwa pupa, na hili najisemea mwenyewe kwanza.

Basi ikabidi nirudi kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Nikamweleza mabuu, nikamwomba aniazime kuku. Akanyamaza muda mrefu, anachambua mchele. Kisha: "Kuku wangu wanakwenda kula mabuu au kula sumu?"

Nikaapa. Hakuniamini. Alikuja nao mwenyewe, jioni nne mfululizo, akakaa barazani kwangu kama askari huku mimi nimelegeza mabaka yale kwa reki na kuku wanapekua. Siku ya kwanza nilihesabu buu la ishirini na tisa nikachoka.

Yaliyobaki ni madogo. Nilipandikiza ukoka upya. Taa ya baraza nazima mapema mvua zikianza. Majani siyakati chini ya vidole vitatu, namwagilia kwa kushiba mara mbili kwa wiki, samadi mbichi haiingii tena. Wiki hii nimechimba sehemu tatu: wawili, mmoja, hamna. Mume wangu ametandika mkeka hapo, anakunywa chai na wenzake, anawaambia "majani yetu".

Kuku mmoja wa bibi amejichimbia shimo la kuogea vumbi katikati ya ukoka wangu mzuri kabisa. Kila siku linaongezeka. Bibi mwenyewe analiona akipita. Mimi sijathubutu kusema.