Fundi wa Sauti Anajibu: Kaka anasikia, mimi sisikii

SWALI: Fundi, shikamoo. Kaka yangu, mwenye miaka 54, amenunua nyaya mpya za spika kwa shilingi 180,000. Tangu azifunge anasema besi imenona na matoazi yanasikika moja moja. Mimi nina miaka 27. Nimekaa naye sebuleni jioni tatu, amplifaya ileile, santuri zilezile, na sijasikia kilichobadilika. Sebule ina urefu wa mita 4. Yeye hukaa kwenye kochi lililoegemea ukuta wa nyuma, mimi kwenye kigoda katikati. Ananiambia sina masikio, na nimeanza kuamini. Ni kweli? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Masikio unayo. Na kaka yako naye hasemi uongo, kwa hiyo nakuomba usigombane naye kwa jambo hili.

Nasema hivyo kwa sababu limenipata mimi mwenyewe. Nilikuwa najaribu ikwalaiza ya mteja, kile kifaa cha kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, pale mezani kwangu. Nikapandisha besi taratibu, macho nimefumba, nikasikia ngoma inajaa na kusogea mbele. Nikaridhika. Nilipotaka kuizima ndipo nikaona kile kitufe cha kuiunganisha hakijabonyezwa. Muda wote muziki ulikuwa unapita pembeni. Nilichokuwa nasogeza hakikugusa chochote. Lakini ile besi niliisikia wazi, kama ninavyoisikia sauti ya mke wangu akiniita.

Sikio linapokea mtetemo, kusikia kunamalizikia kichwani. Na kichwani tayari ipo bei uliyolipa, upo unene wa waya, yapo maneno ya muuzaji. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive, wataalamu wa spika wa huko Amerika Kaskazini, waliwapa watu spika nne wazipime, mara wakiziona, mara zikiwa nyuma ya pazia. Watu walewale, spika zilezile, na maksi zikabadilika. Wazoefu pia hawakusalimika.

Ila kwenu kuna jambo kubwa kuliko waya, nalo ni mahali mnapokaa. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Katika chumba cha mita 4, mtetemo wa karibu 43 kwa sekunde, ambao wimbi lake lina urefu wa mita 8, mara mbili ya chumba, yaani zile nota za chini kabisa za gitaa la besi, hujaa kwenye kuta mbili za mwisho na kufifia katikati. Kaka yako amekaa palipojaa. Wewe umekaa penye shimo. Hata bila waya mpya, nyinyi wawili hamjawahi kusikia besi moja.

Kwa matoazi, umri unakupendelea wewe, kwani sauti nyembamba ndizo sikio hupoteza kwanza miaka inapokwenda. Basi akisema anayasikia vizuri zaidi yako, mimi nauliza alifungua sauti kiasi gani usiku ule wa kwanza. Tangu mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, wa maabara za Bell za Marekani, walionyesha kuwa sauti ikiwa ndogo sikio hupunguza besi kuliko sauti za kati. Ongeza sauti kidogo tu, hata usitambue kuwa umeongeza, na muziki wote utaonekana umenona.

Sasa nimtetee kaka. Mnakaa Tanga, na hewa ya bahari inakula shaba. Nyaya za zamani ninazoletewa kutoka pwani, ncha zake mara nyingi ni za kijani, zinavunjika ukizigusa. Kama zake zilikuwa hivyo, huenda kweli kitu kimebadilika, na kukata sentimita mbili, kumenya upya na kukaza vizuri kungefanya kazi ileile bure. Nenda kaziangalie kabla hazijatupwa.

Baada ya hapo mjaribu hivi. Menya ncha za zile za zamani. Weka alama ya penseli kwenye kitasa cha sauti, kisiguswe tena. Tundika kanga mbele ya spika, na mtu wa tatu abadilishe nyaya huko nyuma kwa kurusha sarafu, bila kusema neno. Chagueni kipande cha sekunde 20, kilekile kila mara, kwa sababu kumbukumbu ya sauti haidumu. Kaka akae kwenye kochi lake na ataje ni waya upi. Rudieni mara 16. Anayebahatisha atapata nane au karibu na hapo. Akifikisha 12 nitasema anasikia, na nitataka kuziona hizo nyaya.

Kabla ya yote hayo, leo jioni mwombe mbadilishane viti. Pigeni santuri mnayoijua wote wawili, yeye kwenye kigoda, wewe kwenye kochi, na umuulize besi imekwenda wapi.