Goseong ipi? Kuhusu majina ya kaunti za Korea

Ndugu, nimekuelewa: umeandika makala ya Goseong kwenye kamusi elezo, ukakuta Goseong nyingine imeshatangulia, na sasa hujui yako uipe kichwa gani.

Kwanza usiandike "Kaunti ya Goseong-gun". Hiyo -gun ndiyo kaunti yenyewe, unasema kitu kimoja mara mbili. Andika "Kaunti ya Goseong". Najua Watanzania tungependa "wilaya", lakini Wakorea wana pia -gu, sehemu za ndani ya miji mikubwa, na neno wilaya mimi nimeziachia hizo.

Sasa tatizo lako. Korea Kusini ina Goseong mbili, moja mkoa wa Gangwon, nyingine mkoa wa Gyeongsang Kusini. Kwa Hangul, alfabeti ya Kikorea, zote ni 고성. Herufi za Kichina ndizo zinazozitenga, 高城 na 固城. Kana kwamba hiyo haitoshi, Korea Kaskazini nayo ina yake, tena katika mkoa wenye jina lilelile la Gangwon! Kule kwa herufi za Kilatini huandikwa Kosong, Kangwon, lakini msomaji atajuaje? Weka vyote, mkoa na nchi: Kaunti ya Goseong (Gangwon, Korea Kusini).

Mabano yatumie pale tu majina yanapogongana. Kwa mfano, kaunti ya Gunwi ilitolewa mkoa wa Gyeongsang Kaskazini ikaingizwa jiji la Daegu Julai 2023. Kichwa chenye mkoa kingepitwa na wakati siku hiyohiyo.

Na kabla ya kuhamisha makala nyingi, yaani kuzibadilishia vichwa, kwa mpigo, uliza kwenye ukurasa wa majadiliano au mwone mkabidhi, msimamizi wa kamusi. Mimi nilihamisha kumi na tatu usiku mmoja, asubuhi nikakuta zote zimerudishwa.