Watoto wanaumia shingo wakibingirika, kosa liko wapi?

Swali: Nina ukumbi hapa Uyole, Mbeya. Kila Jumamosi saa 2 asubuhi nafundisha jimnastiki watoto 22 wa miaka 4 hadi 12, wote pamoja, kwa saa moja na nusu. Nina msaidizi mmoja na magodoro manne ya sponji. Wadogo wakibingirika mbele wanaishia upande, na wawili wamelalamika shingo. Wakubwa wanadai samasoti, yaani kujipindua hewani. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anza na hao wawili. Wasibingirike tena mpaka maumivu yaishe kabisa. Yakipita siku mbili, waende hospitali. Na siku yoyote mtoto akianguka akasema mikono inakufa ganzi au shingo haigeuki, usimwinue. Mwache alivyolala, mtulize, uite msaada.

Anayeishia upande mara nyingi ametua kwa utosi, au mkono mmoja umelegea. Utosi ukitangulia, uzito wote unashukia shingoni. Achuchumae, viganja vikae chini kwa upana wa mabega, kidevu kishike kifua, anyanyue makalio juu ya kichwa ndipo asukume kwa miguu. Kisogo kiguse kidogo tu, uzito upokelewe na mabega. Mbanishe soksi iliyokunjwa kati ya kidevu na kifua: ikidondoka kabla hajamaliza, kosa umeliona. Fundi seremala akutengenezee pia mteremko wa urefu wa sm 120 na upana wa sm 60, upande mmoja ukiinuka sm 30, usioyumba na uliofunikwa. Mtoto akianzia juu, mteremko wenyewe unampa mwendo.

Magodoro ya kulalia hayafai. Kiganja kinazama, kifundo kinapinda, na kati ya godoro na godoro mguu unanasa. Tafuta sponji ngumu ya sm 5. Ukiigandamiza kwa ngumi ukagusa sakafu, iache.

Kuwachanganya wote ndiko kunakokuponza. Mtoto wa miaka 4 ana kichwa kikubwa na mikono mifupi: akiinyoosha juu, inapita utosi kidogo tu. Akibingirika nyuma, mikono haiwezi kuinua mwili ili kichwa kipate nafasi. Kwa hiyo wa miaka 4 na 5 wape dakika 40 za kutambaa magoti yakiwa juu, kutembea juu ya benchi fupi, kuning'inia, na kuruka wakitua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa. Wasizidi 7 kwa mtu mzima mmoja. Wa miaka 6 hadi 8, saa moja: kusimama kwa mikono, miguu ikiegemea ukuta, na kujipindua kwa ubavu. Wakubwa, saa moja na robo. Anayerefuka haraka akilalamika kisigino, mpunguzie kuruka, usimwite mvivu.

Samasoti, hapana. Bila godoro nene la kutulia na mtu aliyefunzwa kumshika mrukaji, usiruhusu hata mara moja, hata kama wanaiona kwenye simu kila siku. Wape kuruka juu na kukunja magoti kifuani, watue bila kuyumba. Wengi watashindwa.

Mwisho, saa 2 ni mapema mno kwa Juni na Julai, sakafu ya saruji ikiwa baridi. Wakubwa waanze saa 3, wakimbie dakika 15 na masweta yao kabla ya kunyoosha chochote, msamba hasa. Wadogo waje mwisho, ukumbi ukishapata joto.